Makumbusho ya Mfereji na Swali la Mtoto

Katika muhula uliopita nilipewa kazi ya kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja nilikaa nyuma ya darasa la tano kusikiliza somo la njia za usafirishaji. Mwanachuo aliyefundisha alikuwa amejiandaa vizuri. Andalio lake la somo lilikuwa safi, hatua zake zilifuatana, na ukutani alikuwa ametundika mchoro mkubwa wa rangi ulioonyesha mfereji uliochimbwa na watu, pamoja na mashua zikipanda kilima kwa ngazi za maji. Wanafunzi walinakili maelezo, wakayasoma kwa pamoja, kisha wakajibu maswali matano yaliyoandikwa ubaoni.

Kipindi kilipokaribia kwisha, msichana mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, maji yanapandaje mlima?" Mwanachuo aliutazama mchoro wake, akamtazama mtoto, kisha akasema: "Hilo si sehemu ya somo letu la leo. Kaa, uandike." Mtoto akakaa. Kengele ikalia.

Nami niliandika nini katika karatasi yangu ya ukaguzi? Niliandika kwamba zana zilikuwa za kuvutia, kwamba muda ulitumika vema, na kwamba darasa lilitulia. Nikatoa alama za juu. Usiku, nilipokuwa nikizipanga karatasi zangu, ndipo nilipotambua kuwa nimelisifu somo ambalo swali pekee la kweli lililoulizwa ndani yake lilizimwa. Na kwamba mimi mkufunzi, niliyekaa nyuma na kalamu mkononi, sikuliona kosa hilo. Nayaandika makala haya kwa sababu ya kosa hilo, ambalo naliona ni langu zaidi kuliko la mwanachuo yule.

Usiku uleule nilikumbuka jumba dogo la makumbusho nililolizuru miaka michache iliyopita, nilipohudhuria mafunzo mafupi nchini Uingereza. Siku moja ya mapumziko mwenyeji wangu alinipeleka katika mji mdogo wa Devizes, katika jimbo la Wiltshire. Huko, kando ya gati la zamani, chama cha wananchi kilikuwa kimeanzisha makumbusho ya mfereji upitao mjini hapo. Jumba lenyewe si kubwa. Mtu aweza kulizunguka lote kwa muda usiozidi kipindi kimoja cha darasani. Hamna dhahabu wala mataji ya wafalme. Kuna picha, ramani, hati na vifaa vya kazi. Lakini mgeni akitoka mlangoni hukutana na mfereji wenyewe, nao umejaa maji, na mashua zinapita. Alichokiona ndani katika picha akiwa mfu, hukikuta nje kikiwa hai. Jambo hilo lilinigusa sana, na kisa chake chafaa kujulikana na kila anayejiandaa kuwa mwalimu.

Mfereji huo huitwa Kennet na Avon, kwa majina ya mito miwili inayounganishwa nao. Njia yote ya maji ina urefu wa kilomita 140 hivi, kutoka Bristol upande wa magharibi hadi Reading, ambako hukutana na mto Thames uendao London. Sehemu za mito zilikuwa zimekwisha kurekebishwa ili zipitike tangu miaka ya 1720. Kilichobaki ni kuiunganisha mito hiyo kwa mfereji kati ya Bath na Newbury, kiasi cha kilomita 92. Kazi hiyo ilianza mwaka 1794 chini ya mhandisi John Rennie, mzaliwa wa Uskochi, ikamalizika mwaka 1810.

Sababu ya kuuchimba ilikuwa rahisi kuelewa. Barabara za wakati ule zilikuwa za matope na mashimo. Farasi aliyeweza kuvuta barabarani mzigo wa tani moja au mbili aliweza kuvuta majini tani 30 na zaidi, huku yeye akitembea polepole ukingoni na kamba ikikokota tishari nyuma yake. Kwa njia hiyo makaa ya mawe, mawe ya kujengea na nafaka vilisafirishwa kwa gharama ndogo.

Hakukuwa na mashine za kuchimbia. Wachimbaji walitumia sururu, koleo na toroli, na penye mwamba walitumia baruti. Na mfereji ulipokwisha kuchimbwa, ulipaswa kuzuiwa usivuje. Wajenzi walitandaza udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa maji na kushindiliwa hata ukawa kama ngozi isiyopitisha maji. Naomba msomaji aukumbuke udongo huo, maana tutaurudia.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mlima. Hapo Devizes ardhi hupanda mita 72 katika mwendo wa kilomita 3 hivi, na Rennie alijenga hapo vyumba vya maji 29, kila kimoja juu ya kingine. Kumi na sita kati ya hivyo vimepangwa katika mstari ulionyooka juu ya mteremko wa Caen Hill, kama vidato vya ngazi kubwa. Hili ndilo lililokuwa katika mchoro wa mwanachuo wetu, na hili ndilo aliloliuliza mtoto.

Tulijibu basi, kwa kuwa halikujibiwa darasani. Chumba cha maji hujengwa kwa mawe au matofali, nacho huwa na milango upande wa chini na upande wa juu. Mashua inayopanda huingia kwa mlango wa chini, na mlango hufungwa nyuma yake. Kisha hufunguliwa vilango vidogo vya upande wa juu, maji yaliyo juu yakashuka na kuingia chumbani. Kadiri maji yanavyojaa, mashua nayo huinuka, hata yakilingana na maji ya juu mlango wa juu hufunguliwa na mashua ikaendelea na safari. Kwa hiyo hakuna mahali ambapo maji hupanda mlima. Maji hushuka, na kwa kushuka kwake huiinua mashua. Mtoto aliuliza swali la haki, na jibu lake laweza kueleweka na mtoto yeyote wa miaka kumi na moja, ila tu alione likitendeka.

Niendelee na kisa cha mfereji, kwa kuwa somo la pili limo humo. Mwaka 1841 reli kutoka London hadi Bristol ilikamilika, nayo ilikuwa na mwendo wa kasi ambao farasi na kamba hawakuuweza. Mwaka 1852 mfereji ukaingia mikononi mwa kampuni ya reli hiyohiyo. Hapana haja ya kueleza kwa urefu yatokeayo pale mali inapomilikiwa na mshindani wake. Biashara ilipungua mwaka hata mwaka. Kufikia katikati ya karne ya 20 sehemu kubwa ya njia ile haikupitika tena. Milango ilioza, maji yalitoweka, na magugu yakaota ndani ya vyumba vya Caen Hill.

Katika miaka ya 1950 serikali ilitaka kuufunga kabisa. Hapo ndipo wananchi walipoinuka. Walikuwa wamekwisha kuunda umoja wao mwaka 1951. Mwaka 1956 waraka wa maombi kwa Malkia, uliotiwa saini na watu wapatao 20,000, ulisafirishwa kwa njia ya maji kutoka Bristol hadi London, ili ionekane kwamba njia hiyo haijafa moyoni mwa watu. Mwaka 1962 umoja ule ukageuka kuwa chama rasmi cha kuufufua mfereji. Kwa miaka mingi watu wa kujitolea walitoa tope, walikata miti, walichangisha fedha na kujenga upya milango, wakishirikiana na mamlaka ya njia za maji na mabaraza ya miji. Tarehe 8 Agosti 1990 Malkia Elizabeth II aliufungua tena mfereji hapo Devizes. Hata hivyo kazi haikwisha. Mwaka 1996 ilitolewa ruzuku ya pauni milioni 25 kutoka mfuko wa bahati nasibu ya taifa, na matengenezo makubwa yalikamilika mwaka 2003.

Sasa tujiulize: makumbusho kama haya yanamfundisha nini mwalimu wa shule ya msingi ambaye huenda asiuone kamwe mfereji huo?

Kwanza, yanatufundisha kwamba kitu hakifundishi kwa sababu ya ukale wake wala uzuri wake, bali kwa swali kinaloliamsha. Katika mifereji ya Uingereza huonekana mikwaruzo mirefu iliyochimbika katika kona za madaraja. Mtu akiambiwa tu kwamba "farasi walivuta mashua kwa kamba" ataandika na kusahau. Lakini akiutia kidole chake ndani ya mkwaruzo na kuulizwa "Ni nini kilichokikata chuma hiki au jiwe hili?", ataanza kufikiri: kamba laini iliwezaje kukata kitu kigumu? Ilipita mara ngapi? Kwa miaka mingapi? Hapo historia imeacha kuwa orodha ya tarehe.

Pili, yanatufundisha kuuliza habari za watu waliosahauliwa. Jina la Rennie limehifadhiwa. Majina ya wengi waliochimba kwa sururu hayajulikani. Tena, Bristol ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za Uingereza katika biashara ya kuwavusha Waafrika utumwani ng'ambo ya Atlantiki, biashara iliyopigwa marufuku na Bunge la nchi hiyo mwaka 1807, mfereji ukiwa bado unachimbwa. Mwalimu Mwafrika anayefundisha habari za mfereji uliofika Bristol ana haki, na naona ana wajibu, wa kuwauliza wanafunzi wake: utajiri wa mji ule ulijengwa na nani? Anayefundisha habari za mfereji kwa kutaja urefu na mwaka tu amefundisha nusu.

Tatu, yanatufundisha kwamba kazi ya mikono ya watu hufa isipotunzwa, na huweza kufufuka watu wakiielewa. Sisi huwafundisha watoto kwamba maendeleo ni kitu kinachokuja kutoka mahali fulani. Kisa hiki kinaonyesha kwamba kitu kilichojengwa kwa miaka 16 kiliachwa kioze, na wananchi wa kawaida wakakirudisha kwa miaka karibu 40. Mtoto anayeiona pampu ya kijiji chake ikiwa imeharibika anahitaji kisa kama hicho kuliko anavyohitaji tarehe ya kufunguliwa kwa mfereji.

Baada ya kuyafikiri hayo nilirudi katika ile shule. Nilimwomba radhi mwanachuo kwa ukaguzi wangu mbovu, nikampendekezea tulifundishe swali la yule msichana. Alikubali, ingawa kwa wasiwasi, kwa kuwa alikuwa amebaki nyuma ya ratiba. Mwalimu mkuu naye aliruhusu vipindi viwili, akatuonya kwamba mtihani haungojei mtu.

Tulikwenda na darasa nyuma ya madarasa, penye mteremko mdogo. Kwa majembe mawili wanafunzi walichimba kijifereji chenye vidato viwili, na vipande vya mbao vikawa milango. Mashua ilikuwa kipande cha mgomba. Maji yalitoka katika ndoo. Ndoo ya kwanza ilimezwa na ardhi, na ya pili vivyo hivyo. Wanafunzi walicheka, na mwanachuo alinitazama kwa macho ya kuniuliza kama nimeridhika. Ndipo mvulana mmoja, ambaye bibi yake hufinyanga vyungu, akasema: "Mwalimu, tupake udongo wa bibi. Chungu hakivuji." Kipindi kikaisha bila mashua kupanda hata kidato kimoja.

Kesho yake yule mvulana alikuja na udongo katika mfuko wa plastiki. Waliukanda, wakaupaka, wakaukanyaga kwa visigino. Maji yakakaa. Wakafungua ubao wa juu kidogo kidogo, maji yakashuka, na kipande cha mgomba kikainuka hadi kidato cha pili. Hakuna aliyewaambia watoto hao habari za wajenzi wa Rennie na udongo wao. Waliifikia njia ileile kwa sababu walikutana na tatizo lilelile. Yule msichana alichuchumaa akatazama kwa muda, kisha akasema: "Kumbe maji hayapandi. Yanashuka, chombo ndicho kinachopanda." Halafu akauliza swali jingine: "Na yakiisha huko juu?"

Safari hii mwanachuo hakumkalisha. Alisema: "Ni swali zuri. Wenzako mnasemaje?" Mmoja alisema wangojee mvua. Mwingine alisema wachote chini wayarudishe juu kwa ndoo. Ndipo tulipowaeleza kwamba swali hilo ndilo lililowasumbua hata wajenzi wenyewe. Kila mashua ipitapo, maji mengi hushuka kutoka kileleni mwa mfereji, na kilele cha mfereji ule hakina mto mkubwa wa kukijaza. Kwa hiyo ilijengwa nyumba ya pampu mahali paitwapo Crofton, na humo imo injini ya mvuke ya Boulton na Watt ya mwaka 1812, ambayo hata leo yaweza kuwashwa na kuyainua maji kiasi cha mita 12. Na hapo Caen Hill, mwaka 1996, ilifungwa pampu iwezayo kuyarudisha juu maji lita milioni 32 kwa siku. Yule aliyependekeza ndoo alifurahi kusikia kwamba wahandisi walifikiri kama yeye.

Natambua pingamizi zitakazotolewa. Wengine watasema kwamba darasa lenye wanafunzi themanini haliwezi kwenda nje kuchimba mifereji kila siku. Ni kweli, wala sisemi tuchimbe kila siku. Wengine watasema kwamba mtihani hauulizi mambo hayo. Nalo lina ukweli, na silidharau, maana mtoto wa maskini akianguka mtihani, ni yeye anayeumia na si mkufunzi mwenye nadharia nzuri. Lakini niliporudi baada ya majuma matatu, mwanachuo alinionyesha madaftari ya zoezi la marudio. Wanafunzi waliokuwa wakinakili tu habari za usafirishaji sasa waliweza kueleza kwa maneno yao wenyewe. Vipindi viwili vile havikupotea. Kilichokuwa kikipotea ni vile vipindi vingi vya kunakili.

Yafaa pia nitoe tahadhari. Zamani tuliambiwa tutengeneze pembe za maonyesho madarasani, na wengi wetu tulizitengeneza siku moja kabla ya mkaguzi kufika. Vitu vikawekwa lebo, vikafunikwa na vumbi, wala hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvigusa. Makumbusho ya namna hiyo ni mchoro mwingine tu wa ukutani. Mwanachuo atakayependa kuanzisha makumbusho madogo katika shule yake na afuate mambo haya:

Kwanza, achague kitu kimoja cha mahali pale, kilichojengwa na watu na chenye historia ya kutunzwa au kutelekezwa: kisima, lambo, daraja, mashine ya kusaga, au mfereji wa mashamba.

Pili, vitu viletwe na watoto na wazee wao, visinunuliwe. Jembe lililolika hadi kubaki nusu husema mengi kuliko jembe jipya.

Tatu, kando ya kila kitu iandikwe si jina lake tu, bali swali moja ambalo mtoto mwenyewe ameliuliza.

Nne, vitu vishikwe. Kitu kisichoshikwa na mtoto, mtoto hakijui.

Tano, wazee waalikwe waseme, nao wanafunzi waandike. Waulizwe nani alichimba, nani alilipa, nani alinufaika, na kwa nini kazi iliendelea au ilikwama.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifereji. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro Wachaga wamekuwa wakiyaongoza maji ya mlimani hadi migombani kwa mifereji waliyoichimba na kuisafisha kwa zamu tangu enzi za mababu. Huko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yamebaki magofu ya mifereji na matuta ya mawe ya wakulima waliohama karne kadhaa zilizopita. Mmoja wa mifano hiyo ungali hai na mwingine umekufa, kama vile mfereji wa Kennet na Avon ulivyokufa kisha ukaishi. Shule iliyo karibu na maji yaliyoongozwa kwa mikono ya watu ina makumbusho tayari. Imekosa tu mtu wa kuuliza.

Ndugu wanachuo, mtakapokuja kukaguliwa na mimi muhula ujao, mtaona kwamba katika karatasi yangu nimeongeza mstari mmoja: "Wanafunzi waliuliza nini, na mwalimu aliyafanyia nini maswali yao?" Msiogope mstari huo. Hautadai kwamba mjue kila jibu, kwa kuwa hata mimi sikuwahi kumweleza mtu yeyote jinsi mashua inavyopanda mlima hadi nilipoulizwa na mtoto wa darasa la tano. Utadai tu kwamba anaponyosha mkono, msimwambie akae aandike. Ni matumaini yangu kwamba wakufunzi wenzangu nao watautafakari mstari huo, na kwamba walio na maoni tofauti watayaleta katika kurasa hizi ili tujadiliane.